Siku Niliyomwita Fundi Mkuu Mtamba

Siku ile walikuwepo Mwalimu Salehe, aliyewafundisha vijana wetu mpira wa kikapu. Mzee Eliya, balozi wetu wa nyumba kumi. Mchungaji na mkewe chini ya mwavuli wao mmoja. Mzee Kaniki, fundi mkuu wa karakana moja ya chuma kule Tanga. Mdogo wangu Yona. Mdogo wetu wa mwisho, Marta. Na mimi, Naomi. Nyuma yetu lilikuwepo soko zima la Lushoto, maana siku ya Uhuru nani anabaki nyumbani? Nawataja wote mapema kwa sababu nimechoka. Kila nikisimulia na kuruka shahidi mmoja, ananikamata njiani, "We Naomi, mbona mimi umenisahau, nami nilikuwepo nikaona kwa macho yangu haya!" Basi haya, mlikuwepo nyote, mliona nyote, na aibu yangu mnaijua. Ila leo aisimulie mwenye nayo, maana nyie mnaongeza chumvi, na kisa chenyewe kilikuwa na chumvi ya kutosha tangu mwanzo.

Baba na mama walitutoka katika mwaka mmoja, mimi nikiwa darasa la tano, Yona ana miaka sita, Marta bado anabebwa mgongoni. Nikaweka madaftari juu ya dari nikashika jembe. Mama aliniachia neno moja tu, kwamba wadogo zangu kila mmoja awe na kitu mkononi, yaani kazi au ujuzi, chochote ambacho mtu hawezi kumnyang'anya. Nikaitikia, na nikiitikia jambo mimi huwa nimeitikia.

Sasa Yona akakua. Alikua mpaka ikawa kero. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa anainama kuingia kila nyumba kijijini isipokuwa kanisa, suruali za watu zinamkomea katikati ya muundi, na mimi nikimkemea inabidi kwanza nimwambie akae. Darasa la saba alimaliza vizuri lakini hakuchaguliwa kwenda sekondari, akawa anabeba mbao kutoka msitu wa Magamba, bega moja likaanza kushuka kuliko lingine, nami kila nikiliangalia bega lile namsikia mama.

Ndipo akatokea Mwalimu Salehe, Mtanga wa mjini hasa, mfupi, mwenye maneno mengi kuliko nywele. Alisimamisha nguzo mbili za mkaratusi kwenye uwanja wa udongo nyuma ya shule, akafunga juu yake pete za chuma za pipa, akakusanya vijana jioni. Alipomwona Yona amepanda njia na mbao zake, nasikia alisimama kabisa, akasema, "Alhamdulillahi, nguzo ya tatu hiyo inatembea."

Miezi michache baadaye akaja nyumbani na habari. Karakana ya Tanga italeta timu yake siku ya Uhuru kucheza na vijana wa Lushoto, na katika vijana watakaocheza, mmoja atachukuliwa. Atafundishwa ufundi wa chuma, kuchomelea na kukereza, na jioni atacheza kwenye timu yao. Kitu mkononi hicho! Nilitaka kupiga vigelegele, lakini Mwalimu alinyoosha kidole.

"Ngoja, dada Naomi, usifurahi bado. Wafungaji wanao tele. Wanachotafuta ni mrefu wa kusimama chini ya goli lao na kuzuia. Na Yona wako anafunga vizuri, ila hazuii. Namwambia kila siku: Yona, mimi nimekuweka pale uwe mlango, wewe unakuwa pazia! Mtu anakuja, anakufunua, anapita."

"Si umfundishe, Mwalimu?"

"Nimefundisha mpaka sauti imekauka. Kufunga hufundishwa, dada. Kuzuia ni tabia. Kijana mrefu akiwa hana tabia hiyo, hana."

Neno hilo lilinikaa rohoni. Tabia? Tabia ya Yona si imetoka kwangu? Nani mwingine amempa? Kesho yake nikaacha palizi, nikaenda uwanjani mara ya kwanza kutazama, nikakaa kwenye ukingo na kisu na fungu la mboga, nachambua huku naangalia. Nikaona. Mshambuliaji anakuja anadunda mpira, Yona amesimama vizuri, mikono juu, miguu imara, unasema leo hapiti mtu. Halafu mtu akikaribia tu, Yona anasogea kidogo kushoto. Hatua moja, ya adabu kabisa. Mara ya pili, kushoto tena. Mara ya tano kushoto tena, na wenzake walishajua, wanapita kulia kwake kama wanaenda dukani. Kushoto kwake kuna nini? Kuna mlima.

Nikaacha kuchambua mboga. Nikajua kuwa mwenye kosa ni mimi.

Kwa asiyetoka kwetu nieleze kidogo. Njia za Usambara ni nyembamba, upande mmoja mlima, upande mwingine kuna korongo na shamba la mtu liko chini huko. Ukikutana na mkubwa wako, au mtu yeyote mwenye mzigo, unasogea upande wa mlimani, unagandamana na ukuta, unasalimia, anapita. Mtoto asiyepisha si mtoto wa mtu. Na Yona, mwaka ule ule tulipobaki wenyewe, alisimama katikati ya njia akichezea jongoo, Mzee Eliya akaja na mkungu wa ndizi kichwani, akamkwepa mtoto, akateleza, akaenda yeye na ndizi zake mpaka kwenye mihogo ya watu wa chini. (Hakuumia, ila mkungu haukupatikana wote, na mpaka leo anasema ulikuwa mkubwa kuliko tulioukuta.) Mimi nikiwa na miaka kumi na minne, naogopa watu waseme watoto wa marehemu hawana malezi, nilimchapa Yona fimbo tatu, nikamwambia, "Ukiona mtu anakuja, pisha! Pisha! Pisha!" Kila neno na fimbo yake. Basi ndiyo akapisha. Alipisha miaka kumi na miwili bila kukosea, na sasa anapisha chini ya goli.

Jioni hiyo nikamwambia, "Yona, uwanjani hakuna kupisha."

"Najua, dada. Mwalimu kasema."

"Sasa mbona unapisha?"

Akaangalia miguu yake, mirefu ile. "Si mimi, dada. Ni yenyewe."

Tukacheka, lakini usiku sikucheka. Nilijua maneno hayataondoa kilichoingia kwa fimbo, na fimbo nyingine kumpiga mtu ambaye lazima nipande kigoda si jambo la heshima. Jibu lilikuja asubuhi, na lilikuja na mkia.

Tulikuwa na mtamba wetu, ng'ombe jike ambaye hajazaa, jina lake Pambo. Kwetu ng'ombe anakaa bandani, majani anakatiwa, kwa hiyo siku ya kutoa samadi mlango ukifunguliwa Pambo hutaka kutoka kwenda moja kwa moja kwenye kabichi za Mzee Eliya. Kazi ya Yona ilikuwa kusimama mlangoni mimi nikizoa. Nimeiona kazi hiyo mara mia, lakini asubuhi ile niliiona kwa macho ya Mwalimu Salehe. Yona amekunja magoti, mrefu yule amekuwa mfupi. Mikono ameifungua, haimgusi mnyama. Pambo akienda kulia, naye anaburura miguu kulia bila kuipishanisha, akienda kushoto naye yuko. Haruki, maana ukiruka ng'ombe anapita chini yako. Na haangalii kichwa, anaangalia kifua.

"Kwa nini kifua?" nikamuuliza, kama sijui.

"Kichwa cha Pambo kina uongo mwingi, dada. Kinakuangalia huku, kinakwenda kule. Kifua hakijui kudanganya."

Nikatupa jembe. "Yona! Kuzuia si unajua!"

Wiki tatu hatukuwa na kazi nyingine. Baada ya shamba letu na zamu ya shamba la kijiji, mimi na Marta tunakuwa washambuliaji. Mpira hatukuwa nao, tukatumia kabichi. Nasema "hoo!" kama tunavyomzuia Pambo, Yona anashuka magoti, mikono inafunguka, Marta anakuja na kabichi anajaribu kupita, hapiti. Nakuja mimi, mwanzoni anapisha ("samahani, dada, pita"), namrudisha, "Mimi si dada, mimi ni Pambo, hoo!" Mpaka nikashindwa kupita. Tulikula kabichi zilizopondeka mpaka Marta akaomba tujaribu kufanya mazoezi kwa kiazi.

Uwanjani nako kukabadilika. Vijana wenzake waliokuwa wanapita kulia wakakuta mtu. Wakaenda kushoto wakakuta mtu yuleyule. Mwalimu Salehe alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa, akanywa uji, akasema, "Dada Naomi, nafuta kauli. Pazia limekuwa mlango. Umempa dawa gani?"

Nikasema ni maombi. (Mchungaji, nisamehe. Maombi yalikuwemo, lakini sehemu kubwa ilikuwa ng'ombe.)

Sasa ndiyo siku yenyewe. Mwalimu alikuwa ametangaza kuwa ndugu wa wachezaji wakae juu kwenye ukingo pamoja na wengine, wasikae karibu na uwanja kuwachanganya vijana. Nilifika na tenga langu la plamsi, nilizotaka kuuza mechi ikiisha, nikatazama ukingoni, watu wamejaa, nikatazama nyuma ya goli la kwetu, kuna nafasi nzuri yenye nyasi na mteremko kidogo. Hatua kumi na mbili tu. Nikajiambia, Naomi, utakaa kimya, utakaa pale uwe karibu naye tu. Nikaenda nikakaa. Mkasa wote uko katika hatua hizo kumi na mbili. Kama ningekaa ukingoni na wanawake wenzangu, leo ningekuwa mtu wa heshima zake.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika, udongo mwekundu unang'aa. Mchezo ukaanza, na jamani, Yona alikuwa mtamu! Mrefu wa Tanga, kijana mwenye kifua, alikuja mara ya kwanza, akamkuta Yona ameshuka magoti. Akazunguka, yupo. Akaruka, Yona hakuruka, alinyoosha mikono tu, mpira ukagonga viganja ukarudi. Watu wakaanza kupiga kelele, Marta ukingoni anaruka kama panzi. Yule kijana akahangaika mpaka akateleza akateguka mguu, akatolewa akichechemea. Nikasema moyoni, mama, unaona?

Ndipo kwenye benchi la wageni akainuka mzee. Mzee kweli, kichwa kimekwisha kuwa cheupe pembeni, kitambi mbele, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu vya turubai. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka (Mungu aliandika hilo). Sikujua kwamba huyo ndiye Mzee Kaniki, fundi mkuu, na kwamba mwenye kuchagua ni yeye.

Akaingia taratibu, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Yona. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Shikamoo, mzee," akasema Yona, na mgongo ukainama wenyewe.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Nyumbani wote hawajambo?"

"Hawajambo, mzee, tunashu..."

Kabla hajamaliza kushukuru, mpira ulikuwa umetupwa, mzee ameudaka, amegeuka, ameuweka kwenye pete. Soko zima likasema "Aaah!"

Mara ya pili alikuja ameuweka mpira begani, mkono mmoja umeushika kama mtu aliyebeba debe, akasema kwa upole, "Nipishe, mwanangu, nina mzigo." Na Yona wangu, Yona niliyemlea kwa fimbo tatu, akasogea upande wa mlimani, akagandamana na hewa kama kuna ukuta, akasema, "Pita, mzee." Kikapu.

Mara ya tatu akapiga hodi. Naapa. Alifika chini ya goli akasema, "Hodi hapa!" na Yona akajibu, "Karibu!"

Mwalimu Salehe alikuwa amejishika kichwa. "Pazia! Pazia limerudi!" Yule mzee alikuwa mtu wa Mombo, chini tu ya milima yetu, adabu zetu zote anazijua, na alikuwa anazitumia kama funguo. Kikapu baada ya kikapu. Kila kimoja nilikiona ni siku moja ya mbao kwenye bega la Yona, lile lililoshuka.

Nikasema "hoo". Polepole tu, nilidhani ni moyoni. Nikaona sikio la Yona linacheza. Magoti yakakunjika. Mzee akaja, "Nipishe mwa...", hakumaliza, akakuta mlango. Akaenda kulia, mlango. Kushoto, mlango. Akarudisha mpira kwa wenzake, amekunja uso.

Ningeishia hapo! Lakini nilipoona dawa imefanya kazi nikaongeza kipimo. "Hoo!" kwa sauti. Watoto ukingoni wakasikia, wakapenda. Mzee akishika mpira, "Hoo!" Mara watu wazima nao, "Hoooo!" mpaka uwanja mzima unamlilia mgeni kama anatolewa bandani, hawajui maana yake, wanadhani ni shangwe mpya ya mpira wa kikapu, na nilimwona mke wa Mchungaji naye kafungua mdomo chini ya mwavuli. Mzee Kaniki akajaribu kwa nguvu zote, akageuza kichwa huku, akaenda kule. Yona akafuata kifua. Mzee akakwama kabisa, amesimama, anahema, mpira umemtoka.

Halafu mikono ya Yona ikafanya kile inachofanya kila asubuhi mnyama akishatulia. Ikamshika mzee shingoni, ikampapasa taratibu, na Yona akasema kwa sauti ya mahaba ya bandani, "Taratibu, mama. Taratibu."

Refa akapuliza filimbi, halafu akabaki ameshika filimbi mdomoni, maana hakuwa na jina la kosa lile. Uwanja ukanyamaza. Na katika kimya hicho mimi, nikiona Yona atafukuzwa kwa kumshika mtu, nilisimama nikapaza sauti yote niliyopewa na Mungu:

"Yona! Usimshike! Ng'ombe hashikwi, anazuiwa kwa kifua!"

Kulikuwa na kunguru mmoja juu ya mkaratusi, naye akafunga mdomo.

Mzee Kaniki akageuka polepole. "Nani ng'ombe?"

Nilitaka kukimbia. Nilichukua tenga (mpaka leo sijui kwa nini, mtu anakimbia aibu na tenga la plamsi?), nikapiga hatua mbili, udongo ukanichukua, nikateleza kwa makalio kutoka nyuma ya goli mpaka ndani ya uwanja, plamsi zikanitangulia, nikasimama, yaani nikakomea nimekaa, miguuni pa mzee mwenyewe. Plamsi moja ikaendelea ikamgonga kiatu.

Mzee Eliya alikuwa ameshashuka ukingoni, fimbo mkononi, uso wa ubalozi. "Naomi binti yangu. Umemwita mgeni wetu ng'ombe?"

"Hapana, balozi," nikasema nikiwa nimekaa kwenye tope. "Siyo ng'ombe. Mtamba."

Nilidhani naweka jambo sawa. Nilikuwa naeleza tu ukweli, kwamba Pambo bado hajazaa! Lakini uwanja mzima ulilipuka, watu wakashikana mabega wasianguke, Marta akalala kwenye nyasi, Mchungaji akajifunika na mwavuli mpaka kiunoni, na mwavuli ulikuwa unatetemeka. Kila nilipofungua mdomo kueleza, kwamba tunamzuia mlangoni, kwamba anapenda kabichi, kwamba kichwa chake kina uongo mwingi, ndivyo nilivyozama, kwa sababu walikuwa wanamtazama mzee kila sifa ninapoitaja. Yona amesimama, mkono wake bado uko shingoni mwa mzee, amesahau kuuondoa.

Mzee Kaniki hakucheka. Aliinama, akaokota ile plamsi iliyomgonga, akaipangusa kwenye suruali, akaitafuna yote, akatema kokwa. Ndipo akamwambia refa, "Puliza. Tumalize." Watoto walikuwa wameshamaliza plamsi zingine.

Muda uliobaki ulikuwa kidogo. Mara ya mwisho mzee akapata mpira, akauweka begani, akaja. "Nipishe, mwanangu. Nina mzigo."

Yona alishuka magoti. Mimi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa khanga, hakuna aliyesema hoo, si mimi, si watoto. Akasema mwenyewe, kwa adabu ileile, "Shikamoo, mzee. Samahani, leo njia imefungwa."

Na ilikuwa imefungwa. Mzee alisukuma, akazunguka, akaruka kadiri kitambi kilivyoruhusu, na mpira ukarudi kutoka kwenye viganja viwili ambavyo havikumgusa hata unywele. Filimbi ikalia. Tulifungwa kwa kikapu kimoja. (Ukihesabu vile alivyompisha kwa heshima, jibu unalo.)

Baada ya mechi tuliitwa, mimi na tope langu, mbele ya mzee, Mwalimu, Mchungaji na balozi. Nilipiga magoti nikaomba radhi. Nilisema mwenye kosa ni mimi, kijana asihusishwe, nikasimulia fimbo tatu, njia, mkungu wa ndizi ("mkubwa sana," akaongeza Mzee Eliya), na Pambo. Mzee Kaniki alisikiliza yote.

"Mwalimu," akasema mwishowe, "uliniambia kijana mrefu hafundishiki kuzuia."

"Nilisema, mzee," Mwalimu Salehe akajibu. "Nimeshafuta."

"Futa tena. Niliingia mwenyewe makusudi nimwone. Anayejua kupisha nitamfundisha kuzuia, maana tayari anajua mtu anataka kupita wapi. Asiyejua kupisha atanivunjia watu karakanani." Akamgeukia Yona. "Jumatatu uje Tanga. Uje na viatu." Nami nikaanza kulia, lakini akanyoosha mkono. "Wewe binti bado. Balozi, kwenu hapa mtu akimtukana mkubwa hadharani, faini yake nini?"

"Hutegemea tusi, mzee."

"Tusi ni mtamba."

Mzee Eliya akafikiri, akakuna kidevu, na nilimwona anakumbuka kabichi zake. "Basi faini ni mtamba."

"Huyo Pambo hapana, nisimnyang'anye yatima ng'ombe wake," akasema Mzee Kaniki, na hapo ndipo hatimaye alicheka, akacheka mpaka kitambi kikaruka juu kuliko kilivyoruka uwanjani. "Nataka ndama wake wa kwanza wa kike. Wa tumbo la Pambo mwenyewe, si wa kununua. Atakayezaliwa dume ni wako." Nikaitikia mbele ya wote, na mnajua nikiitikia jambo.

Yona sasa ni fundi kamili, anakereza chuma cheupe kama maziwa, ameoa, bega limenyooka. Jioni anafundisha vijana warefu wa Tanga kuzuia, na nasikia anawaambia waangalie kifua, ila hasemi alikojifunzia. Marta yuko chuo cha ualimu. Mama, kila mmoja ana kitu mkononi.

Nami nimeapa sitakaa tena nyuma ya goli. Nakaa ukingoni na wanawake wenzangu, na mechi ikiwa kali naweka plamsi mbili mdomoni kwa pamoja, bila kuzitafuna, mpaka filimbi ya mwisho.

Lakini Pambo alizaa dume. Mwaka uliofuata, dume. Halafu dume, na dume, na dume tena, mpaka watu wa kijiji wakaanza kusema ng'ombe huyu ana upande. Yona kila akipanda kuja likizo hushuka basi na salamu ileile kutoka kwa Mzee Kaniki, aliyestaafu zamani: "Mwambie dada yako, mtamba wangu ameota pembe?" Nami namrudishia: "Mwambie dume tena, mzee, nisamehe."

Sasa Pambo ana mimba ya sita. Jana Mzee Eliya alipita, akachungulia bandani, akamtazama tumbo muda mrefu, akasema safari hii anaona jike. Nikamwambia alisema hivyo mara tano. Akasema mara tano alikuwa anatazama kichwa, leo ametazama kifua.

Amekwenda zake kwenye kabichi. Deni langu limelala bandani, linacheua.